Flashi ya Linux ihifadhi kazi na ijifunge kwa paswedi: jibu kwa dada wa Kimara

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Kimara, nalifupisha kidogo: anafanya uhasibu wa maduka kadhaa ya Kariakoo, diski ya laptopu yake ilishakufa kwahiyo anabuti (anawashia kompyuta) Debian, aina mojawapo ya Linux, toka kwenye flashi ya GB 32, nyumbani kwenye laptopu hiyohiyo na kwa wateja kwenye kompyuta zao. Mwanzo kila akizima kazi yote inafutika, kijana mmoja akamwekea hifadhi ya kudumu, ikawa sawa. Sasa mpwa wake kachomeka ile flashi kwenye kompyuta yake ya Ubuntu, nayo ni Linux, kafungua folda, kasoma vitabu vya wateja wote bila kuulizwa chochote. Na dada anapanda mwendokasi kila asubuhi mpaka Gerezani. Anauliza: inawezekana kuifunga kwa paswedi, itakuwa nzito, na akisahau paswedi inakuwaje.

Dada yangu, inawezekana na hailipiwi hata senti, vitu vyote vimo ndani ya Linux tayari. Ila nitakuambia kitu ambacho huyo kijana hakukuambia: shida yako kubwa sio paswedi. Shida ni kwamba kakuhifadhia mfumo mzima wakati we unahitaji kuhifadhi folda mbili tatu tu. Tukirekebisha hilo kwanza, kufunga ni kazi ya jioni moja na mambo mengine yote yanakuwa mepesi mbele ya safari.

Kwanza elewa kinachotokea ukibuti. Ile ISO, yani nakala ya mfumo uliyoandika kwenye flashi, ina faili moja kubwa la squashfs, limebanwa, linasomwa tu haliandikwi. Juu yake kerneli (kiini cha Linux) inatandika tabaka la kuandikia kwa overlayfs, na hilo tabaka liko kwenye RAM, ni kama karatasi ya plastiki iliyowekwa juu ya ramani, unachora utakavyo ukiondoa plastiki ramani iko vilevile. Ukizima, RAM inakuwa tupu na kazi imeondoka. Hifadhi ya kudumu maana yake ni kuiambia programu inayobuti Debian, inaitwa live-boot, kwamba badala ya RAM tumia patisheni fulani, yani kipande cha flashi kilichogawiwa. Inaitafuta vipi? Inatafuta patisheni yenye lebo `persistence` na ndani yake faili `persistence.conf` linalosema folda zipi zihifadhiwe. Basi, hamna uchawi mwingine. Na kwenye menyu ya kubuti lazima kuwe na neno `persistence` la sivyo haitafuti kitu.

Huyo kijana nahisi ndani ya faili kaandika `/ union`, maana ndo kila mtu anavyoandika, ndo iliyoko kwenye maelekezo ya Kali (Linux ya wapima usalama) na watu wanainakili tu. Hiyo inamaanisha hifadhi kila badiliko la mfumo wote. Inapendeza siku ya kwanza, unainstoli programu inabaki, unabadili picha ya nyuma inabaki. Afu siku unafanya apdeti ya kila kitu, kerneli mpya inaingia kwenye lile tabaka lako, lakini kompyuta inabuti kerneli ya kwenye ISO ambayo haijabadilika, kwahiyo umejaza nafasi kwa kerneli ambayo haitawaka kamwe. Na siku ukiandika ISO mpya, ile orodha ya programu za zamani kwenye `/var/lib/dpkg` inakaa juu ya mfumo mpya, apt, ile programu inayoinstoli nyingine, inaanza kusema uongo kuhusu nini kipo na nini hakipo, hapo ndo utasikia watu wanalalamika Linux ya flashi haidumu. Haidumu kwa sababu hiyo.

Kwahiyo mi nakushauri faili lako liwe hivi na lisizidi:

`/home`
`/etc/NetworkManager/system-connections`
`/etc/cups`

Mstari wa kwanza ni kazi zako zote na mipangilio ya browza na LibreOffice, wa pili ni paswedi za waifai za wateja, wa tatu ni printa ulizoziunganisha. Usipoandika neno lolote mbele ya folda, live-boot inatumia bind, yani folda inakaa mzima mzima kwenye patisheni yako, na mara ya kwanza inakunakilia vilivyokuwemo kwenye ISO ili usikute pako tupu. Mfumo wenyewe unabaki msafi kila ukiwasha. Kirusi, mpangilio ulioharibika, sijui nini, ukizima kimekwenda isipokuwa kilichoingia home.

Utaniuliza na GnuCash yangu ya uhasibu je, maana haimo kwenye ISO. Swali zuri. Kama ni programu moja au mbili usibadili mpango wote kwa ajili yake, pakua vifurushi vyake mara moja vikae home:

`sudo apt-get update`
`sudo apt-get install --download-only gnucash`
`mkdir -p ~/vifurushi && cp /var/cache/apt/archives/*.deb ~/vifurushi/`

Siku nyingine ukiwasha unaandika `sudo apt install ~/vifurushi/*.deb`, inainstoli bila intaneti, unasubiri kidogo unaanza kazi. Ukiona programu zimekuwa nyingi basi hapo huhitaji flashi ya live tena, unahitaji SSD ya nje yenye Debian iliyoinstoliwa kabisa na kuenkriptiwa (kufungwa kwa paswedi) wakati wa kuinstoli. Na kwa kweli hata hiyo laptopu yako ya nyumbani, SSD ndogo ndani ingekutoa jasho kidogo kuliko kuihangaisha flashi kila siku, ila kwa kompyuta za wateja flashi ndo mahali pake.

Kuhusu kubadili distro, yani aina ya Linux, najua kuna watakaokuambia hamia huku hamia kule. Ubuntu nayo ina hifadhi ya kudumu, neno lake ni `persistent` na lebo siku hizi ni `writable`, ya zamani ilikuwa `casper-rw`, lakini haina njia yake ya kuifunga kwa paswedi, utaunga unga. Kali imeshaweka mpaka kwenye menyu, kuna chaguo la hifadhi iliyoenkriptiwa, ila haikubali Secure Boot (ulinzi wa kompyuta unaokubali kubuti mifumo iliyosainiwa tu), utaenda kwa mteja uanze kuingia kwenye BIOS yake kuzima vitu, na sidhani mwenye duka atafurahi akiona lile joka la nembo ya Kali kwenye skrini yake. Tails imekamilika kuliko zote kwa kufunga, unabonyeza tu, na tangu toleo la 5.13 la mwaka 2023 inatumia LUKS2, toleo jipya la LUKS, mfumo wa Linux wa kuenkripti diski, lakini intaneti yake yote inapita Tor (mtandao wa kuficha utambulisho), tovuti nyingi zitakugomea na uhasibu wako utakuwa wa kusubiri kurasa zifunguke. Debian inakutosha, na Secure Boot inaikubali tangu Debian 10 ya mwaka 2019. Kitu kimoja cha kuhakikisha kabla hujagusa chochote, kwamba ISO yako ina cryptsetup (programu ya kufunga na kufungua LUKS) kwenye hatua ya kubuti. Washa flashi yako kama kawaida, fungua terminali:

`sudo lsinitramfs /run/live/medium/live/initrd.img* | grep cryptsetup`

Ikileta mistari, safi. Isipoleta kitu, hiyo ISO haitakuuliza paswedi hata ufanyeje, tafuta ISO nyingine au utengeneze yako kwa live-build ukiongeza kifurushi cha `cryptsetup-initramfs`.

Haya, flashi yenyewe. Nunua mpya. Najua unayo, ila nina sababu mbili. Ya kwanza, flashi ya zamani tayari ina vitabu vya watu vilivyoandikwa wazi, na kuenkripti juu yake hakufuti vya chini, `luksFormat`, amri ya kuenkripti, inaandika heda (utangulizi wenye funguo) mwanzoni mwa patisheni tu, zile data za kati zinabaki palepale zikisubiri mtu mwenye programu ya kufufua mafaili. Unaweza kuandika sifuri patisheni nzima lakini flashi huwa zinazungusha mahali pa kuandikia zenyewe ndani kwa ndani ili zisichakae upande mmoja, kwahiyo hamna uhakika kwamba kila kipande kimefutika. Ukishahamisha kazi, ile ya zamani ivunje kwa nyundo, wala usimpe mpwa.

Sababu ya pili ni Kariakoo yenyewe. We uko pale kila siku unajua, flashi imeandikwa GB 64 bei chee, ndani ni GB 8 imedanganywa ionekane 64, inakubali kila unachoandika mpaka ikijaa inaanza kuandika juu ya vya zamani bila kukuambia. Kwa muziki unapoteza nyimbo, kwa patisheni iliyoenkriptiwa unaweza kupoteza kila kitu kwa mpigo. Kabla hujaiamini ipime kwa programu inaitwa f3:

`sudo apt install f3`
`sudo f3probe --destructive --time-ops /dev/sdb`

Inafuta kilichomo kwahiyo ifanye ikiwa tupu. Itakwambia saizi ya kweli. Kama feki mrudishie muuzaji siku hiyohiyo.

Hiyo `/dev/sdb` ninayoandika ni mfano jamani, kwako inaweza kuwa `sdc` au nyingine, andika `lsblk` kwanza uangalie saizi na jina, na ukiwa kwenye kompyuta ya mteja usifanye hizi kazi za kugawa diski kabisa, herufi moja ikikosewa umefuta duka la mtu.

Sasa kazi. Vitabu vyako vitoe kwanza kwenye flashi ya zamani uviweke sehemu nyingine. Ukiichomeka kwenye Linux nyingine utakuta folda inaitwa `rw`, kazi zako ziko `rw/home/user`. Andika ISO kwenye flashi mpya kwa dd au kwa programu uliyozoea inayoandika ISO kama ilivyo. Baada ya hapo flashi itakuwa na patisheni mbili ndogo za ISO na sehemu kubwa tupu. Tunatengeneza ya tatu:

`sudo fdisk /dev/sdb`

Bonyeza `n`, kisha `p`, namba acha 3. Inapokuuliza sekta ya kwanza ndo hapo wengi wanabonyeza Enter tu, we usibonyeze, andika `16777216`. Hiyo ni GB 8 kamili toka mwanzo wa flashi. Sekta ya mwisho bonyeza Enter, afu `w`. Kwa nini tunaacha pengo? ISO ya leo ina GB 3 na kitu, ya mwakani inaweza kuwa kubwa zaidi, na ukiandika mpya bila pengo mkia wake utapita juu ya mwanzo wa patisheni yako, na mwanzo wa patisheni ndo penye heda ya LUKS, yani funguo zote. Funguo hizo zikiandikiwa juu na huna nakala, data yako yote imekuwa takataka na paswedi sahihi unayo kichwani. Gharama ya kujikinga ni hizo GB chache, kwa flashi ya GB 32 bado unabaki na kama GB 21, vitabu vya maduka havitazijaza.

Kama fdisk ikilalamika haiwezi kusoma jedwali upya kwa sababu flashi inatumika, zima uwashe tena uendelee. Afu:

`sudo cryptsetup luksFormat --type luks2 --pbkdf argon2id --pbkdf-memory 262144 /dev/sdb3`

Itakutaka uandike YES kwa herufi kubwa, kisha paswedi mara mbili. Hiyo `--pbkdf-memory` usiiache, nakueleza. LUKS2 inapika paswedi yako kwa Argon2id, ambayo kwa makusudi inakula RAM ili mwizi asiweze kujaribu paswedi mamilioni kwa haraka. Ukiiacha ichague yenyewe kwenye laptopu yenye RAM ya kutosha inaweza kuchukua mpaka GB 1, halafu unaenda kwa mteja mwenye kompyuta ya RAM GB 2, unaandika paswedi sahihi, inafikiria wee, au inagoma kabisa, unaanza kudhani umesahau. Hapo tumeipa MB 256, inatosha kumchosha mwizi na haichoshi kompyuta za dukani.

Endelea:

`sudo cryptsetup open /dev/sdb3 vitabu`
`sudo mkfs.ext4 -m 0 -L persistence /dev/mapper/vitabu`
`sudo mount /dev/mapper/vitabu /mnt`
`sudo nano /mnt/persistence.conf`

Andika ile mistari mitatu, sevu, toka, kisha:

`sudo umount /mnt`
`sudo cryptsetup close vitabu`

Angalia lebo iko wapi: iko kwenye ext4 (mpangilio wa mafaili) ya ndani, sio kwenye lile boksi la LUKS la nje. Wengi wanaweka nje afu wanashangaa. Na jina ni `persistence` yenye e tatu, ukiandika persistance kimya kimya haitafanya kazi wala haitakuambia kosa. Ile `-m 0` inakurudishia kama GB 1 ambayo ext4 huwa inamtengea root (msimamizi wa mfumo) bila sababu kwa matumizi yako.

Kubuti sasa. Ikija menyu ya GRUB, weka alama kwenye chaguo la live bonyeza `e`, shuka mpaka mstari unaoanza na `linux`, nenda mwisho wake, acha nafasi andika:

`persistence persistence-encryption=luks persistence-media=removable-usb`

Kisha Ctrl na X. Kwenye mashine za zamani zinazokuja na menyu ya aina nyingine unabonyeza Tab badala ya e. Neno la kwanza linasema tafuta hifadhi, la pili linasema kubali iliyofungwa kwa LUKS peke yake, kwahiyo hata mtu akichomeka flashi nyingine yenye lebo ileile bila paswedi haitaitumia. La tatu ndo wengi hawalijui na kwako we ni muhimu kuliko wengine. Bila hilo, live-boot inapita diski zote zilizomo kwenye kompyuta, ikikuta diski ya mteja nayo imeenkriptiwa kwa LUKS inakuuliza paswedi yake, we unajua ni yako, unaandika ya kwako, inakataa, unaandika tena, inakataa. Kumbe inauliza ya diski ya mwenye duka. Soma jina la kifaa kwenye hilo swali kila mara, na hilo neno la tatu linaifanya iangalie vifaa vya USB vya kuchomoa tu.

Kuandika hayo maneno kila siku kunachosha, nakubali. Ile sehemu ya ISO haiandikiki kwahiyo huwezi kuingia ukahariri menyu yake. Suluhisho safi ni kutengeneza ISO yako kwa live-build ukiwa umeweka maneno hayo kwenye `--bootappend-live`, fanya hivo ukishaona mpango wote unakufaa, hapohapo unaingiza na GnuCash ndani ya ISO na ile habari ya vifurushi inaisha. Kwa wiki za mwanzo yaandike kwa mkono, mkono utazoea.

Ukishaingia andika `lsblk`. Chini ya `sdb3` lazima uone mstari wenye neno `crypt`. Usipouona, kazi unayofanya iko RAM na itapotea, usianze kuingiza risiti za watu.

Paswedi yenyewe. Maneno matano sita ya Kiswahili yasiyohusiana, yenye nafasi katikati, herufi ndogo tupu. Usiweke alama za ajabu, na sababu ni ya hapahapa kwetu: laptopu nyingi za mtumba zinatoka Uingereza, kwenye kibodi yao alama ya @ na alama ya kunukuu zimebadilishana mahali na za Marekani. Wakati wa kubuti mfumo bado haujajua kibodi yako ni ipi, unadhani ni ya Marekani, kwahiyo unabonyeza @ inaingia kingine na huoni kwa sababu paswedi haionekani. Ukikuta kibodi ya Kifaransa ndo kabisa, hata herufi a na q zinabadilishana, hapo hata maneno matupu yatakusumbua, bora ubebe kibodi yako ya USB.

Uzito: hautausikia. Mashine yenye AES (njia ya kuenkripti) ndani ya prosesa, na Intel walianza kuiweka mwaka 2010 ingawa sio kwenye kila modeli, inaenkripti kwa kasi kuliko flashi inavyoweza kuandika, kinachokuchelewesha ni flashi. Kama unataka kujua kompyuta fulani ikoje andika `cryptsetup benchmark` uangalie mstari wa aes-xts. Nunua flashi ya USB 3 na utasahau kwamba kuna kufunga na kufungua.

Sasa apdeti, maana hii ndo inayoua flashi za watu. ISO mpya ikitoka, unaiandika kwa dd juu ya flashi nzima kama mwanzo. Jedwali la patisheni litaandikwa upya na patisheni yako ya tatu itatoweka kwenye orodha. Usipige kelele, data iko palepale kwa sababu tuliacha pengo, kilichopotea ni mstari wa anwani tu. Rudi kwenye fdisk, `n`, `p`, 3, sekta ya kwanza `16777216` ileile, ya mwisho Enter. Hapo fdisk itaona kuna LUKS ndani na itakuuliza kama uondoe ile alama ya `crypto_LUKS`. Jibu ni N. Ukibonyeza Y umeondoa mwenyewe. Afu `w`, hamna kuformati hamna luksFormat, unabuti kama kawaida na kazi zako zipo. Hiyo namba ya sekta iandike kwenye daftari. Na bekapu kwanza kabla ya yote hayo, haijalishi unajiamini vipi.

Nini haikulindi? Flashi ikidondoka Gerezani, akaiokota mtu, haoni kitu. Hilo tu ndo kazi yake na ni kubwa, hasa sasa ambapo tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na vitabu vyako vina majina na namba za simu za wateja wa wateja wako. Lakini kompyuta ikiwa inawaka na we umekwenda kununua maji, kila kitu kiko wazi kwa atakayekaa kwenye kiti. Zile patisheni mbili za kubutia hazijaenkriptiwa, mtu mjuzi akikaa na flashi yako usiku kucha anaweza kubadili kitu ili siku ukiandika paswedi aipate, kwahiyo ikilala kwa mtu usiyemwamini iandike ISO upya kabla ya kuibuti. Na kompyuta ya mteja yenye kifaa cha kunasa kibodi kimechomekwa nyuma, hapo Linux haina la kukusaidia. Kwenye kompyuta za watu andika pia `swapon --show`, isionyeshe patisheni ya diski yao, maana kinachoingia swap (akiba ya RAM kwenye diski) kinaandikwa kwao.

Kuzima zima kwa utaratibu, subiri mpaka skrini ifike mwisho ndo uchomoe. Umeme ukikatika katikati ext4 ina jono yake (daftari la mabadiliko) na mara nyingi inajirudi, ila flashi za bei rahisi hazina adabu, huwa zinasema zimeandika wakati bado.

Ya mwisho, kusahau paswedi. Ukisahau imetoka, hamna fundi, hamna ofisi ya kwenda kulia, akikuambia anaweza kuifungua anataka hela yako tu. Ndo maana LUKS2 inakupa nafasi 32 za paswedi kwenye boksi moja. Weka ya pili, ndefu, iandike kwenye karatasi ikae nyumbani kwenye makaratasi yako ya maana, sio kwenye mkoba unaobeba flashi:

`sudo cryptsetup luksAddKey /dev/sdb3`

Hapohapo chukua bekapu ya heda:

`sudo cryptsetup luksHeaderBackup /dev/sdb3 --header-backup-file heda-vitabu.img`

Ni faili la MB 16 tu, lihamishie kwenye flashi nyingine ya nyumbani. Litakuokoa siku mteja akichomeka flashi yako kwenye Windows, ikamwambia hii diski inahitaji kuformatiwa, naye akabonyeza ndio kwa sababu Windows ndo imesema. Ukiwahi kabla kingine hakijaandikwa juu, `luksHeaderRestore` inarudisha funguo, na kama uharibifu uliishia mwanzoni mwa patisheni sehemu kubwa inarudi. Jua tu kwamba hilo faili linakumbuka paswedi za siku ulipolichukua, ukibadili paswedi kwa sababu mtu kaijua, heda ya zamani bado inafunguka kwa ile aliyoijua, kwahiyo ifute uchukue mpya.

Heda lakini sio vitabu. Flashi ikifa heda haikusaidii kitu, kwahiyo nunua ya pili, ifanyie `luksFormat` na `mkfs.ext4` hivohivo bila mambo ya kubuti, na kila Ijumaa kabla hujafunga hesabu ifungue, i-mount kwenye `/mnt`, uendeshe `sudo rsync -a --delete /home/user/ /mnt/home/`. Ibaki nyumbani Kimara, nyingine ndo ipande mwendokasi.